Kopo la Kadi za Lorna Oldroyd

Lorna Oldroyd ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka thelathini na mmoja ametunza daftari za makaburi ya mji wetu, huku kwenye mabonde ya Yorkshire, Uingereza. Makaburi elfu arobaini na moja. Mtajie jina la babu yako, atakuambia safu, namba na waliolala pembeni yake kabla hujamaliza kuvua koti. Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi wa chini: dirisha moja, taa ya mezani, mlango unaofungwa. Mimi huchora ramani za makaburi hayo kwenye kompyuta, na nimekaa meza ya pili humo ndani miaka minne.

Februari ya mwaka jana bosi wetu, Gavin Thackray, alisimama mlangoni akitafuna krispi za viazi zenye siki, akatangaza kwamba vyumba vyote vidogo vitafungwa Juni ikiisha. Tutahamia ukumbi wa juu. Huko hakuna meza ya mtu, unakaa palipo wazi, na redio inaimba kutwa ili tuchangamke.

Lorna aliujaribu ukumbi huo wiki moja. Siku ya nne nilimkuta kwenye sakafu ya choo, viganja masikioni, akihesabu vigae. Asubuhi hiyo alikuwa ameandika namba ya kaburi isiyo sahihi, mara yake ya kwanza tangu nimjue, na familia moja ikasimama mvuani saa nzima ikimlilia mtu isiyemjua.

Alikwenda kwa Gavin akaomba abaki na chumba chake. Akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba ni mwaka wa tatu yuko kwenye foleni ya kupimwa usonji.

"Usonji?" Gavin alicheka hadi makombo yakamruka mdomoni. "Wewe, Lorna? Bibie, wewe ndiye unaniuliza habari za mpira kila Jumatatu! Siku hizi kila mtu ana kaugonjwa kake. Mke wangu akipanga vijiko naye anasema hivyo hivyo."

"Sijasema ni ugonjwa."

"Sawa. Niletee karatasi. Juni ikiisha huna karatasi, unapanda juu na wenzako. Hutaki, mlango unaujua."

Sheria ya kazi haikudai karatasi yoyote ili mtu asaidiwe. Nilimwambia Gavin hivyo, na nilimwambia kwa sauti kubwa. Akanifuta kombo lake begani. "Wewe chora ramani, kijana."

Barua ya miadi ilifika Aprili, na hapo ndipo tulipokosea. Kwetu, mtu akienda kwa daktari hukoga, huvaa viatu vyake vizuri na hapotezi muda wa mkubwa. Daktari akiuliza hali, unajibu, "Si mbaya, asante," hata kama mguu umevunjika. Nyanya yangu alikata roho akimwambia muuguzi kwamba hali si mbaya. Basi Jumamosi nzima nilikaa jikoni kwa Lorna, tukinywa chai na mkate wa kubanikwa, mimi nikiwa daktari.

"Usiangalie meza," nilimwambia. "Niangalie mimi."

"Kwa muda gani?"

"Kama watu wengine."

"Wilf, watu wengine ni sekunde ngapi?"

Nilimwambia tatu. Akaandika. Nilimwambia amuulize daktari kuhusu safari yake ya asubuhi, na aseme mzaha mmoja, usizidi. Akaandika. Tulirudia mara kumi na nne. Nilidhani namsaidia.

Daktari aliitwa Fairclough, kijana mwenye tai ya buluu, na chumba chake kilinuka zulia lililolowa. Juu yetu taa ndefu ilikuwa ikilia kama nzi aliyenaswa. Alinikubalia nikae kwenye kona. Kisha akafungua mfuko na kumwaga vitu mezani: kigari ambacho mtoto fulani alikitafuna magurudumu, kikaragosi chenye nywele zilizogandiana kwa uji, na kitabu cha picha cha konokono anayesafiri kwa puto.

"Haya, Lorna," alisema, akiirefusha sauti kama mtu anayembembeleza mtoto ale, "hebu nisimulie konokono wetu anaenda wapi?"

Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Anayejua walipolala wafu wa mji mzima. Alikichukua kitabu kile chenye kurasa za kunata akasimulia, akaigiza sauti ya konokono, akamtazama daktari sekunde tatu, akatazama tai, akamtazama tena. Daktari alicheka. Na mimi pale kwenye kona nilijisikia fahari. Hilo linanitia kinyaa kuliko vile vidoli.

Garini Lorna alitapika ndani ya mkoba wake. Alilala siku mbili, na hadi Jumanne hakuweza kutamka neno. Hakuna aliyemuuliza kuhusu hayo.

Barua ilikuja katikati ya Mei. "Lorna ni mcheshi na mwenye adabu. Anatazama machoni vizuri. Aliniuliza kuhusu safari yangu. Ameajiriwa. Hafikii vigezo." Nyuma yake walibana karatasi yenye mchoro wa ua na maelekezo ya kuvuta pumzi. Nilitaka kuirarua. Lorna alinizuia, akaikunja mara nne na kuiweka kwenye droo.

"Si mbaya," alisema.

Alhamisi hiyo alinipeleka kwa Marged. Marged ni mshauri nasaha, mama wa miaka sitini, mwenye chumba juu ya duka la mapazia. Yeye mwenyewe aliambiwa ana usonji akiwa na miaka arobaini na saba. Viti vyake vinaelekea dirishani, si kutazamana. Taa ni ndogo na ya manjano. Hakuna anayelazimika kusalimia. Ukitaka kutembea, unatembea. Marged hamfundishi mtu kujifanya mwingine. Lorna alikuwa akienda huko miezi mitano, na ndipo mahali pekee nilipomwona akitikisa mikono yake bila kuificha.

Marged aliisoma barua mara moja, akaitupa kwenye kiti kama soksi chafu.

"Amepima nguo, mwili hakuuona. Nani alikufundisha kumuuliza safari yake?"

"Mimi," nilisema.

"Ulikuwa na nia njema, mwanangu. Sasa nyamaza kidogo." Akamgeukia Lorna, yaani akaligeukia dirisha. "Uliyakumbukaje yote?"

"Nilikuwa na kadi."

"Moja?"

Lorna alitikisa vidole. Alitembea hadi ukutani akarudi. "Kopo zima," alisema hatimaye. "Tangu mwaka wa themanini na tisa."

Ilimchukua wiki mbili kulileta. Lilikuwa kopo la biskuti lenye picha ya mbwa, limejaa kadi za ofisi zilizokatwa nusu, kila moja na jina la mtu au shughuli. "Gavin, Jumatatu: muulize mpira. Wakishinda, sema: walistahili. Wakishindwa, sema: refa yule! Kisha cheka." "Bi wa duka la mikate: hali ya hewa, kisha mguu wake." "Mazishi: usitaje namba ya kaburi kwanza." Mamia. Hivyo ndivyo alivyoishi kati yetu miaka yote, akikariri kila salamu kama mwanafunzi wa mtihani, na sisi tukamwita mchangamfu, kisha tukautumia uchangamfu huo kumnyima chumba.

"Nikiwaonyesha hizi watajua nimewadanganya wote," Lorna alisema.

"Umewabeba wote," Marged alijibu. "Lakini kopo ni lako. Ukitaka, tunalifunga na nakupikia chai."

Lorna aliomba kalamu, wakaandika pamoja barua ya kutaka apimwe tena.

Walimwita tarehe kumi na tisa Juni, bila foleni kwa kuwa faili lake lilikuwa bado wazi. Safari hii hakuvaa viatu vizuri. Alivaa raba zake laini. Hakusalimia. Alizima taa inayolia, akageuza kiti kikaelekea ukuta, akasema, "Nasikia vizuri zaidi hivi." Daktari Fairclough alianza kufungua mfuko wa vidoli. Lorna akaweka kopo juu ya mfuko.

"Soma."

Alisoma. Mwanzoni alitabasamu, kisha akaacha. Alipofika kwenye kadi ya mwisho shingo yake iliwiva juu ya ile tai. "Daktari: tazama macho, hesabu tatu. Tai, hesabu tano. Macho. Muulize safari. Atapenda."

"Nilipenda," alisema polepole.

"Najua," Lorna aliuambia ukuta. "Nilitapika."

Karatasi ya kuthibitisha usonji ilifika tarehe ishirini na saba. Gavin aliisoma akiwa amesimama, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akasema, "Hongera, au pole, sijui mnasemaje. Ila bado huonekani kama unao." Na chumba kikabaki chetu, kana kwamba kipande kile cha karatasi ndicho kilichokuwa kikihesabu vigae chooni.

Jumatatu iliyofuata Gavin alisimama mlangoni na pakiti yake, akingoja.

"Hutaki kujua tulifungwa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Hapana," Lorna alisema, bila kuinua macho kwenye daftari. "Sijawahi kutaka."

Alipoondoka, Lorna alifungua kopo, akatafuta kadi ya Gavin, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Kopo lilikuwa wazi karibu na kiwiko changu, na humo niliona jina langu. "Wilf: hukasirika kwa ajili yangu. Mwache aseme hadi amalize. Mshukuru. Usimwambie kwamba sauti yake inaumiza."

Nilirudi kwenye ramani. Lorna alifunika kopo na kulirudisha kwenye rafu, kadi yangu ikiwa ndani.