Daftari la Kijani la Sajenti Stroud

Twyla Pruitt alitolewa kizazi akiwa na miaka thelathini na minne, na idara ya askari wastaafu ikamjibu kwa barua kwamba hakuna ushahidi kuwa ugonjwa wake wa kutokwa damu ulimwanzia jeshini. Ushahidi ungetoka wapi? Alikuwa dereva wa gari la mafuta, na katika kikosi chao aliyekwenda zahanati mara mbili aliitwa mtegaji mpaka siku anavua magwanda. Basi Twyla alivaa pedi mbili, juu yake kaptura nyeusi, juu yake gwanda, akaendesha. Joto la Kuwait usiniulize.

Barua ilikuwa na ukurasa wa pili, na huo ndio uliomkera Opal Tidwell. Opal alikuwa nesi wa jeshi la majini zamani. Sasa ana miaka sabini na moja na anawajazia wenzake fomu za fidia ya ulemavu, bure, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa wastaafu pale mjini Lawton.

"Hapa daktari wao ameandika, mgonjwa anasema hana tatizo," Opal akasema. "Ulisema hivyo?"

"Aliniuliza naendeleaje. Nikamwambia vizuri, bwana."

"Yaani ulikwenda kupimwa maumivu ukasema huna."

"Alikuwa amevaa tai."

Opal alivua miwani akaifuta. Hakucheka, maana yeye mwenyewe aliwahi kutembea wiki mbili na mguu uliovunjika huku akimjibu vizuri kila mwenye cheo. Jeshi lile linakufundisha jibu hilo siku ya kwanza, na siku ya kuondoka hakuna anayekwambia ulirudishe stoo pamoja na kofia.

"Kupimwa tena tutaomba," Opal akasema. "Lakini bila shahidi wa kule, mwanangu, rufaa hii haina miguu. Uliwahi kumwambia mkubwa wako?"

"Labda mara moja. Mimi sikuwa msemaji. Kosa langu mwenyewe."

"Mkubwa wako nani?"

"Stroud," Twyla akasema, akasukuma kando kikombe chake cha kahawa.

Kizazi hakirudi, hilo alilijua. Alichotaka ni jeshi liandike mahali kwamba kilianza kuharibika mikononi mwao, na kwamba hakuwa mvivu. Kwa ajili hiyo tu aliendesha siku hiyo hiyo hadi mji wa Duncan, ambako Wendell Stroud alikuwa na duka la matairi.

"Pruitt," Stroud akasema. "Umenenepa."

"Na wewe nywele zimekukimbia, Sajenti. Nataka uniandikie ushahidi. Nilikuwa natoka damu siku tisa, kumi, kila mwezi, na wewe ulijua."

Mwanamume aliyewahi kuwafokea watu arobaini kwa pumzi moja aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Yale mambo yenu ya kike mimi siyakumbuki."

"Hedhi, Sajenti. Itabidi uliandike hilo neno, bora uanze kulizoea."

Stroud alifuta mikono kwa tambara, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Alitoka na boksi. Kila sajenti wa jeshi lile ana madaftari yake ya kijani: nani kachelewa, nani kapoteza kofia ya chuma, nani kaomba nini. Hawayatupi. Wake zao wanapiga kelele kila wanapohama nyumba, na bado hawayatupi.

"Tarehe tisa Machi," Stroud akasoma. "Pruitt kaomba zahanati. Damu. Nimekataa, kuna msafara." Akafunua. "Tarehe saba Aprili. Pruitt tena. Nimekataa." Akafunua tena, akampa daftari asome mwenyewe.

Twyla alisoma amesimama, kisha akakaa juu ya tairi. Miaka kumi na minane alikuwa akijilaumu kwa kukaa kimya. Alikuwa amemwambia mama yake hivyo, na daktari wa upasuaji, na asubuhi ile ile Opal. Hasira ilimpanda polepole, na kwa mara ya kwanza haikuwa hasira juu yake mwenyewe.

"Mimi nilidhani sikusema," akasema.

"Ulisema."

"Mara kumi na moja."

Stroud alikuwa akitazama sakafu. "Kumi na mbili. Ile siku ulianguka kando ya gari, hiyo sikuiandika."

"Uliniambia ni joto."

"Nilikwambia ni joto."

Twyla alitoa fomu ya Opal na kalamu, akaviweka juu ya kaunta mbele yake.

"Anza na hiyo," akasema.

Stroud akavuta kiti, akaanza kuandika.