Vikombe vya Mkono wa Kushoto

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile niliyofukuzwa kwa mtu na ndizi zangu mkononi. Nilikuwa msichana bado, nimetoka Machakos, nimepanga chumba Laini Saba, huko Kibera, na kila siku nilitembea hadi Kawangware kwenye karakana ya ufinyanzi. Aliyenifukuza alikuwa mwalimu wangu, Mama Odhiambo, mwanamke niliyempenda kuliko watu wote wa mji huu. Nilistahili, ingawa siku hiyo sikuona hivyo.

Wewe hukumjua, kwa hivyo ngoja nikueleze. Alikuwa mtu wa kule ziwani, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Mama yake alikuwa akifinyanga mitungi ya maji na kuichoma kwa nyasi uani. Yeye akaja Nairobi, akajifunza gurudumu na tanuru. Akikaa kwenye gurudumu udongo ulimtii. Bonge lilipanda tu kama lililoitwa kwa jina, likawa jagi, likawa bakuli, nawe bado umeshika ndoo unashangaa. Mimi alinifunza kwa kunitania. "Nduku," alikuwa akisema, "hiki ni kikombe ama ni kiatu?" Nasi tulikuwa tukicheka mpaka udongo unakauka mikononi.

Halafu akapatwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala mapajani, kama si wake. Akawa anashinda chumbani kwake Soweto West, huko huko Kibera, mlango umerudishwa, hataki watu. Mwanawe Odhiambo, kijana mpole aliyefanya kazi ya mjengo, akaamua kumpeleka ushago, kijijini kwao, akapumzike. Awe anaota jua tu, alisema, na watoto wa ndugu zake wamletee maji ya kunywa. Alisema kwa mapenzi, sikatai. Lakini mimi nilijua kwamba akienda vile, hatashika udongo tena.

Basi nikanunua ndizi nikaenda kumwona. Nikaketi kando ya kitanda, nikaushika ule mkono, na kabla sijasema neno nikaanza kulia.

"Nduku, umekuja kufanya nini?"

"Kukuona, mama. Pole. Yaani vile nakuhurumia..."

"A-a." Akauvuta mkono wake kwa ule mwingine. "Huruma peleka kanisani, huko wataipokea. Ukija kwangu, kuja na kazi. Kama huna kazi, toka na ndizi zako."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni nikaona hatanii. Nikatoka.

Nilitembea nikinung'unika njia nzima. Mtu unampenda, anakufukuza! Nikafika karakana, nikakaa kwenye kiti chake, na hapo ndipo nilipoona kwamba kazi ilikuwa imenikaa mbele ya macho siku zote hizo. Unaijua glezi, ile tunayopaka chombo kikishachomwa mara ya kwanza, ili moto wa pili uigeuze ing'ae kama kioo. Kabla hajaugua, Mama Odhiambo alikuwa ameanza kutengeneza yetu wenyewe, kwa jivu, udongo na unga wa jiwe. Alitaka rangi itoke hapa hapa tunapoishi. Tangu aondoke nilikuwa nimeendelea peke yangu, na ilinishinda. Moto ukipanda glezi ilikimbia kama uji, ikavigandisha vyombo kwenye rafu za tanuru. Nilivitoa kwa nyundo, kwa vipande.

Kesho yake nikafunga vile vipande kwenye leso, nikarudi Soweto West. Safari hii sikulia.

Alichukua kimoja kwa mkono wa kushoto, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. "Jivu la nani hili?"

"La mama wa mahindi ya kuchoma, pale relini."

"Na mbona limekimbia hivi?"

"Sijui. Nilidhani wewe utajua."

"Mimi pia sijui," akasema. Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unamtii. "Tutajaribu basi."

Mwanangu, sijui kama umewahi kumwona mtu akirudi. Mimi nilimwona, pale pale mlangoni, ameshika kigae kilichoharibika.

Nikawa mtu wa kuomba jivu. Kwa mama wa mahindi, kwa mama wa mandazi pale Makina aliyepikia kuni, kwa mama wa samaki, kwa fundi wa mbao aliyechoma maranda yake. Watu walinicheka. "Nduku, siku hizi unakula jivu?" Nilicheka nao. Kila jivu niliweka kwenye kopo lake. Tukalichekecha, tukaliloweka, tukamwaga maji na kutia mengine mpaka utelezi ukaisha. Yeye alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake akisimamia, na kicheko chake kikaanza kusikika tena kwa majirani.

Siku moja akasema, "Niletee udongo. Tutahitaji vikombe vya kujaribia."

Nilimletea kwenye karai. Aliweka donge juu ya mapaja, akalaza mkono uliopooza juu yake ulizuie lisiteleze, na kwa kidole gumba cha kushoto akaanza kulibonyeza, polepole, huku analizungusha, anapumzika, anarudi. Jasho lilimtoka. Kikombe kilipokwisha kilikuwa kimeinama upande, ukingo umepindapinda, na mwili wote umejaa mashimo ya kidole.

Nami, kwa wema wangu wote, nikanyoosha mkono niunyooshe ule ukingo.

Alinipiga kofi mkononi. Kofi zito, lile la mama!

"Kilikuwa kinaanguka, mama."

"Hakianguki. Kiko vile."

"Nilitaka tu kukusaidia."

"Najua." Sauti ikashuka. "Nibebee maji. Nichotee udongo. Niwashie tanuru. Huko ndiko kunisaidia. Lakini ukininyooshea kikombe, Nduku, umenitoa mimi ndani yake, umebaki wewe peke yako."

Nilirudisha mkono wangu. Akafinyanga kingine, na kingine, vyote vimeinama, nami nikakaa nikiwa nimeshika karai kwa mikono yote miwili ili isije ikanisaliti.

Tulivichoma pamoja na vikombe vyangu vya gurudumu, vyote vimepakwa glezi za yale majivu. Siku ya kufungua tanuru, Odhiambo alimleta mama yake karakana kwa teksi, na begi la nguo begani. Alikuwa amekata tiketi ya basi la jioni. Alimwambia mama akaage watu.

Niliondoa matofali ya mlango, joto likanipiga usoni. Rafu ya kwanza ilikuwa msiba. Jivu la mahindi lilikuwa limekimbia tena. Jivu la maranda lilitoa vipele. Nilisikia Odhiambo nyuma yangu akihamisha begi kutoka bega moja hadi jingine.

Kisha nikavuta rafu ya chini, ya jivu la mandazi, na nikabaki nimeishika tu. Glezi haikukimbia. Ilikuwa imeshuka taratibu, ikakusanyika ndani ya kila shimo la kile kidole gumba, na pale ilipokuwa nzito imekuwa ya kijani, kijani kama majani ya sukuma wiki baada ya mvua. Penye matuta ilipita nyembamba, ikawa hudhurungi. Vikombe vyangu vilivyonyooka vilikuwa karibu navyo, vimepakwa glezi ile ile, na vyote vilikuwa hudhurungi tupu. Havikuwa na mahali pa kuikusanya.

Odhiambo aliweka begi chini. Akachukua kikombe kimoja kikiwa bado na vuguvugu, na kidole chake chenyewe kikaingia kwenye shimo.

"Mathe, hii ni kazi ya nani?"

"Ya huu," akasema, akainua mkono wa kushoto.

Kijana wa watu alikaa juu ya tofali. Alikigeuza kile kikombe muda mrefu. Mwisho akauliza, bila kumwangalia, "Basi tunaenda ama hatuendi?"

"Nitaenda nyumbani, Odhiambo. Huko ni kwangu. Lakini si leo. Jivu la samaki bado hatujalichoma vizuri."

Odhiambo alicheka na machozi yakamtoka palepale. Jioni ile alilirudisha begi Soweto West.

Mama Odhiambo alifinyanga kwa mkono mmoja miaka mingi. Watu walikuja kutafuta vikombe vyake kutoka mbali, na wengine waliotaka kumwiga walivipinda vyao makusudi, akawacheka. Alipokwenda nyumbani alikwenda kwa hiari yake, siku aliyoichagua, ameketi basini kwenye kiti cha dirishani.

Sasa nikwambie kwa nini nimekusimulia haya. Wewe na wenzako mnaniita shosh, kama nyanya yenu, nami napenda. Mmenipa upendo mwingi katika karakana hii. Lakini mikono yangu imeanza kutetemeka, tunajua sote. Juzi nilirudi kuchukua leso yangu nikakukuta umeliinamia bakuli langu, unalainisha ukingo kwa sifongo. Hukuniona. Sikukasirika, mwanangu. Nilirudi nje nikatabasamu, kwa sababu nilimwona yule Nduku wa zamani akiwa na sura yako.

Nasaha yangu ni hii. Mtu unayempenda akipungukiwa nguvu, usimletee huruma tupu. Mletee kazi, mletee swali ambalo wewe pia hulijui jibu lake, mkalitafute pamoja. Mbebee kilicho kizito. Ukitaka kugusa alichokifanya, muulize kwanza, na akikataa, rudisha mkono wako ukae. Nawe mwenyewe, glezi ikikuharibikia, washa tanuru tena. Usiogope kusema hujui.

Bakuli langu lile liache vile lilivyo. Nataka kuona moto utalifanyia nini.

Mungu akuhifadhie mikono yako miaka mingi, na akupe wakufunzi wakali wenye mioyo laini. Na siku nguvu zako zitakapopungua, akupe mtu wa kukuletea udongo kwenye karai, aketi kando yako, na angoje.