Shamba la Mama Maria

Jumapili iliyopita, misa ikielekea mwisho, padri alifunga matangazo kwa maneno niliyoyasikia tangu nikiwa na meno ya utoto: tujiweke chini ya ulezi wa Mama Maria. Nikacheka. Nilijifanya nakohoa, lakini jirani yangu kwenye benchi alinitazama kwa mshangao, maana mimi ni msomaji wa masomo, mtu wa kuheshimika. Ngoja niwaambie ninyi, yeye sikumwambia.

Nilizaliwa kijijini Pito, katika nyumba ya kusema Kifipa. Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni na sokoni, na huko neno ulezi lilikuwa na maana moja tu: zile punje ndogo nyekundu tulizolima, tukasaga, tukapika uji. Kwa hiyo niliposikia kanisani habari za ulezi wa Mama Maria, sikuwa na swali. Nilijua ana shamba. Kilichonisumbua ni namna ya kuingia chini yake, kwa kuwa ulezi wa kwetu ulinifika kiunoni. Nikaamua kwamba wake ni mrefu kama mahindi.

Jamani, nilifurahi. Dada zangu waliichukia palizi kwa sababu ya matope, upepo wa baridi, na magugu yanayofanana na ulezi wenyewe. Mimi niliikimbilia. Niliimba nyimbo za kanisani kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, ilikuwa ya mbuzi. Kila nilipong'oa gugu nilimwarifu Mama Maria. Niliongea naye kama mtu aliyeinama tuta la pili. Sikujua kwamba huko ndiko kusali.

Kisha yakaja mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista wetu, Mwalimu Damiano, mtu mpole wa koti kubwa, aliuliza ulezi wa Mama Maria ni nini. Nikasimama kabla hajanitaja. Nilieleza shamba lilivyo, na kwamba ulezi wake ni mrefu, hata Mwalimu mwenyewe angeingia bila kuinama. Watoto walicheka hadi wakaegemeana. Mwalimu naye alicheka huku akifuta macho, kisha akanieleza, bila ubaya wowote, kwamba ulezi ni kulea, kama mama anavyomlea mtoto. Nilikaa chini masikio yakiwaka moto.

Nilimkuta mama shambani akipalilia. Nikamweleza yaliyonipata, nikamwambia siendi tena mafundisho, na komunyo waipokee wengine. Hakuinua kichwa.

"Nani kakwambia hana shamba?" aliuliza. "Na hili tunalolima, wewe unadhani la nani?"

Nilimwonea huruma. Nilidhani mama hajui Kiswahili, kwa kuwa hakukaa darasani. Nilirudi mafundisho kwa sababu alinirudisha. Nikajibu kila swali sawasawa, nikapokea komunyo nimevaa gauni jeupe, lakini shambani sikuimba tena. Nilikua, nikapata kazi mjini, nikahamia mtaa wa Chanji. Sikuacha sala hata siku moja, ila nilisali kama mtu anayefagia uwanja: kwa vile ni lazima ufagiwe. Miaka yote hiyo nililiona jambo hilo kuwa ndio utu uzima.

Kile kicheko cha kanisani kiliniachia hamu ya shamba letu. Jana nikapanda bodaboda hadi Pito, nikamwamkia mama, nikashika jembe. Yeye sasa ni mzee, na mgongo wangu nao si wa kujivunia. Tulipalilia, nikalikumbuka lile swali lake la zamani. Ndipo nilipoelewa kwamba alizijua maana zote mbili. Alitulea watoto saba kwa shamba lile, na kwake kulea na kulima ulezi ilikuwa kazi moja. Siku ile hakuwa anabishana na Mwalimu. Aliona furaha yangu inaondoka, akajaribu kuizuia mlangoni.

Machozi yalinitoka. Nikang'oa gugu, nikamwambia Mama Maria kwa Kifipa kwamba hilo limetoka. Nikamwambia na habari za wanangu, na za uchovu wangu. Kabla sijafika mwisho wa tuta nilikuwa naimba.

Nilikuwa shambani na mama tangu asubuhi, lakini hapo ndipo aliponyoosha mgongo na kunitazama.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Umerudi."