Kila Ua Lina Mwenyewe

Bibi harusi amenyoosha mikono juu ya mto, hina bado mbichi, na Shifa Yeslam anamlisha tende kwa vidole vyake mwenyewe. Ni asubuhi, katika chumba chake cha mbele, Mji wa Kale, Mombasa.

"Ua hili la kiganjani ni la Bi Intisar," anamwambia. "Majani haya ni ya shangazi yangu. Ukisifiwa, wataje."

Hivyo ndivyo alivyofunzwa. Shifa, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anapaka hina tangu alipoacha shule kidato cha pili, baba yake alipougua. Msimu wa harusi hupata kama shilingi elfu tatu kwa siku. Harusi zikiadimika, hata mia tano ni shida. "Lakini alhamdulillahi, wanangu wawili wamesomeshwa na hina hii hii," asema akicheka.

Mwezi uliopita alikuja Rispah, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeishi Ganjoni, machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameandika tasnifu kuhusu michoro ya Shifa, na mwalimu wake akamrudishia sura nzima. Chini ya kila picha Rispah alikuwa ameandika "ua la kienyeji" tu, kana kwamba maua yale yalijiotea.

"Nimeambiwa nionyeshe kila ua nimelipata kwa nani. Lisilo na mwenyewe nilitoe," alisema. "Nisamehe, dada. Majina ulinitajia, nikaona si kitu."

Shifa hakumkaripia. Alimmiminia chai ya tangawizi, wakazipitia picha moja moja. Rispah akaandika jina la mwenye ua, jina la aliyemsimulia, mahali na tarehe.

Likabaki ua dogo la kifundo cha mkono, kama asumini iliyofumba nusu. Shifa akainamia vikombe.

"Hilo litoe tu."

"Dada, si ndilo ulipendalo kuliko yote?"

Bi Intisar, aliyemfunza Shifa kazi, alikuwa ameketi pembeni. "Hebu lilete nilione," alisema, akaisogeza picha mpaka puani, kisha akaangua kicheko. "We Shifa! Mimi nilikufunza adabu, sikukufunza uongo. Ua hili ulilitunga wewe, harusi ya mjukuu wangu. Mwandike, mwanangu, jina lake lote."

"Naona haya, Bi. Kujitaja si kujisifu huko?"

"Kujisifu ni kusema la mwenzio ni lako. Lako likiwa lako, huo ni ukweli."

Sura ilikubaliwa, na ua limebaki mahali pake. Rispah atahitimu mwaka huu, na mikono yake ya siku hiyo tayari ina miadi na Shifa.

Shifa naye anatafuta chumba kikubwa zaidi, awafunze wasichana wa Majengo bila malipo. "Wakinishinda nitafurahi," asema. "Waseme tu walifunzwa na nani."

Bibi harusi anainua mkono kuutazama. "Na hili dogo la hapa, la nani?"

Shifa anapuliza hina taratibu, kisha anatabasamu.

"Hilo ni langu."