Makayabu yangu imeshinda kesi

Jambo yaya Neema wa Boga, shemeji, batoto, na ninyi bote wa Bunia!

Leo makayabu yangu imeshinda kesi 😂

Munajua muke ya mutoto wangu alikatazaka ile samaki ya chumvi: «Mama, inanukisha jikoni.»

Leo nilitia masahani mu mashini yake ya kuosha, ikakataa kumwanga maji. Nikasema: nimeharibu kitu ya wenyewe!

Nikaingiza mukono chini kabisa, nikatoa kichujio.

Bugali ya kuoza, imejaa!

Nikasugua na maji ya moto, mashini ikamwanga. Mukwe wangu akatokea, akanusa ile bugali, akafunika pua.

«Mama, kumbe kichujio inatokaka?»

«Na harufu ya jikoni nayo inatokaka mule, mukwe wangu.»

Akacheka mpaka akaikala chini. Sasa iko anapika makayabu yeye mwenyewe.

Nani anakuja? Mujibu mbio, sufuria iko kidogo!