Upupu Siku ya Posa

Haya nayasema leo kwa sababu wengi walioniona siku ile wameshazeeka kama mimi, na aibu yangu nayo imezeeka, ingawa haijafa.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana wa Mombasa mjini, nimemposa Mwanasha wa Msambweni, na Ijumaa ile nilikuwa nakwenda kupokea jibu. Mjomba alitangulia na wazee, mimi nikashuka basini mapema ili nipite msituni nimchumie mchumba maua. (Mngenipiga kofi wakati ule mngekuwa mmenifanyia hisani.) Masika yalikuwa yamepita, kando ya njia kumechanua vitu nisivyovijua majina, mbega wananichungulia juu ya miti, ndege hondohondo wanapiga kelele, nami na kanzu yangu nyeupe nachuma kilua hapa, kijiua cha zambarau pale, mpaka nikakuta mmea wa kutambaa wenye maganda ya manyoya ya dhahabu, laini kama mahameli, nikanyoosha mkono.

"Saidi!"

Sauti ilitoka nyuma. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alinilea na onyo moja: ukiitwa jina lako porini usiitike mpaka mara ya tatu, maana jini haiti zaidi ya mbili. Nikangoja.

"Saidi! Usi..."

Ya pili hiyo. Nikageuza shingo, nikaona kitu kirefu kisicho na uso, nywele za kijani zimeshuka mpaka kiunoni, kinanijia.

Ya tatu sikuingoja. Nilipenya katikati ya ule mmea, nasoma Ayatul Kursi na kuichanganya na dua ya kula, narusha mchanga nyuma, napiga ukelele, "Toka, mlaaniwa!" Nikatokea uwanjani kwa wakwe, mbele ya wazee wote, na hapo mwasho ukaanza, tena si mwasho, ni moto, shingoni, mgongoni, mpaka nisipopataja, nikaivua kanzu nikabaki na kikoi (wako wasemao hata kikoi kilianguka, msiwasikilize) nikawa nagaagaa mchangani.

Kile kitu kikatoka msituni, kikatua mzigo wa miyaa mibichi ya kusukia mikeka uliokuwa umefunika uso. Alikuwa mama yake Mwanasha, ambaye mpaka siku ile nilikuwa nimemsalimu mara moja tu, tena nyuma ya pazia.

"Nalikuwa namwambia asiguse upupu," akawaambia wazee, akifikicha mchanga machoni. "Akaniita mlaaniwa."

Nilijua posa imekufa, nikalia, kweli nililia, mbele ya mjomba. Yule mama akaingia jikoni, akarudi na majivu, akaanza kunisugua mgongo.

"Nyamaza, mwanangu. Mwoga kama wewe hatathubutu kumpiga binti yangu."

Hapo ndipo walipocheka.

Alinioza binti yake. Na mpaka anakufa, akinihitaji huita mara tatu bila kupumua, "Saidi-Saidi-Saidi," kabla sijapata pa kukimbilia. Maua sasa nanunua sokoni, na nikiitwa, hata awe jini mwenyewe, naitika naam mara ya kwanza.