Wepesi wa Upepo

Binti yangu anafua na kupiga pasi nguo za watu. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu: mlango mmoja wa barabarani, mwingine wa kuingilia chumbani kwangu. Wateja wanamwita Upepo. Jirani yetu, fundi viatu, husema, "Huyu atakupigia pasi shati hujalivua bado."

Asubuhi mvuke hujaa humo kama ukungu. Nakaa kwenye kiti changu, namwona anatokea, anapotea, anatokea. Kuna siku sijui kama ni yeye au mama yake. Mama yake naye alikuwa hivyo. Angepita nyuma yako usisikie kitu, ukigeuka chai iko mezani. Nilijisifia: mke wangu mwepesi. Aliteleza kwenye kizingiti, anguko la kitoto tu, nyonga ikavunjika. Hakuinuka tena. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike.

Kisha binti naye akateleza kwenye maji ya kufulia. Akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Ana miaka thelathini na mbili. Daktari, mwanamke wa rika lake, alimfunga plasta, halafu akaushika ule mkono mzima, akautazama. Ulikuwa unatetemeka. Akamuuliza kama moyo humwenda mbio, kama anakonda na huku anakula. Binti akacheka, akasema hiyo ndiyo kazi. Daktari akachukua damu. Baada ya miezi mitatu akachukua tena, akasema tezi ya shingoni inakwenda kasi kuliko inavyotakiwa. Si sana. Mtu anaweza kuwa na hali hiyo asijue, akadhani ndiyo tabia yake.

Nikauliza shingo na mkono vinahusiana wapi. Akasema mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku. Tezi ikienda mbio, ubomoaji unaweza kuutangulia ujenzi. Kwa vijana mara nyingi mifupa inastahimili, na wengine tezi yao hutulia yenyewe, ndiyo maana hakukimbilia dawa. Lakini huyu amevunjika kwa anguko dogo, na habari ya mama yake nilikwisha kumwambia. Akampima mifupa kwa mashine.

"Mifupa yako ni myepesi kwa umri wako," akasema.

Neno lile lile. Nimelisema miaka yote nikidhani ni sifa.

Akampa vidonge vya kuituliza tezi. Vikakaa juu ya kabati wiki nzima, pakiti haijaguswa. Nikamuuliza. Akasema hajisikii mgonjwa, na watu wanamletea nguo kwa ajili ya kasi yake.

"Baba, nikitulizwa nitabaki nani?"

Mimi sikusoma. Nikamjibu kwa niliyoyaona.

"Mama yako nilimsifia wepesi mpaka nikamzika," nikamwambia. "Kama ilikuwa tezi hii, sijui. Hakupimwa. Wewe umepimwa."

Akapiga pasi shati moja, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akaenda kuchota maji ya kunywa, akafungua pakiti.

Sasa anarudi kupimwa damu kila anapoitwa. Mkono hautetemeki tena. Mifupa, daktari anasema, haina haraka. Itapimwa tena mbele huko. Nguo zinachelewa siku moja, wakati mwingine mbili. Fundi viatu anasema upepo umegeuka mlima. Binti anamjibu akae mbali basi, usije ukamwangukia.

Jana mchana mteja mmoja alikuja kufuata suruali yake. Nikachungulia ndani. Pasi imezimwa. Binti amelala kwenye kiti, kinywa wazi kidogo, jua linamwagika miguuni pake. Tangu akiwa mchanga sijamwona amelala mchana.

Mteja akauliza kama aingie amwamshe. Nikamsogezea kigoda.

"Keti," nikamwambia. "Analala."

Akaketi. Tukamsikiliza wote wawili anavyopumua.